Jinsi ya Kuokoa Dunia Ukiwa Uani Kwako

Hongera. Wapo waliozaliwa juu ya mafuta, wapo waliozaliwa juu ya dhahabu, na wewe, mkazi wa Busia au Tororo, umezaliwa katikati ya sampuli. Tangu miaka ya 1990 ni machache ya binadamu ambayo hayajaulizwa kati ya Budalangi na Nagongera: minyoo ya watoto, maji ya chemchemi, mbolea, vitabu vya shule, akiba ya akina mama wa sokoni, mbu wanaoingia chumbani usiku, na kwa nini watu wa makabila mbalimbali hushindwa kuchanga fedha za paa la darasa. Majibu yako yamesafiri kuliko wewe. Yamefika Boston, Geneva, Delhi na Stockholm, huku wewe ukiahirisha safari ya Kisumu tangu mwaka juzi.

Kwa kuwa dunia bado ina matatizo, na kwa kuwa bodaboda yenye mgeni wa mkoba mgongoni imekwisha kata kona pale kwa mzee wa mtaa, soma haraka.

Mapokezi

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kwanza mjue mgeni. Huyu aliyeshuka kwenye pikipiki na kitambulisho shingoni siye mtafiti. Mtafiti ni profesa, yuko ng'ambo, na atakuja mwezi wa saba chuo kikifungwa. Huyu ni kijana wa hapa hapa, pengine wa Funyula au Malaba, ana digrii isiyompa kazi na mkataba wa wiki kadhaa. Analipwa kwa kumaliza hojaji, hajala tangu asubuhi, na ana nyumba nyingine kadhaa kabla jua halijazama. Usimwonee. Mpe kigoda.

Mwulize kama amepitia kwa chifu, au kwa mwenyekiti wa kijiji, LC1, ukiwa upande wa Uganda. Kisha omba kuona kibali: Kenya hutolewa na NACOSTI, Uganda na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kishike mkononi, kisome polepole kama mtu anayejua anachotafuta, kirudishe. Huhitaji kuelewa namba zake. Kuanzia hapo utaitwa "mzee" au "mama" kwa sauti nyingine kabisa.

Akitaka damu, mambo hubadilika. Upande wa Wajaluo karibu na ziwa, watu wa utafiti wa afya walipewa jina la kachinja, na mwanaanthropolojia Wenzel Geissler aliandika makala kuhusu jambo hilo mwaka 2005. Nyuma yake kuna hadithi za zamani zaidi za wazimamoto waliosemekana kunyonya watu damu enzi za mkoloni, ambazo mwanahistoria Luise White alizitungia kitabu kizima mwaka 2000. Kwa hiyo ukikimbia ukiona sindano, usione haya. Hofu yako nayo itachapishwa.

Sasa subiri setilaiti. Tableti haiwezi kukuhoji kabla haijajua uko wapi duniani. Kijana atatoka chini ya mwembe aende penye anga wazi, ainue kifaa juu, azunguke, arudi hatua mbili, amkanyage kuku. Watoto watamfuata. Setilaiti zikipatikana atarudi akiwa na jasho na tarakimu sita baada ya nukta, akuulize: "Hapa panaitwaje?"

Kisha atakusomea fomu ya ridhaa. Una haki ya kukataa, una haki ya kuacha wakati wowote, jina lako halitatajwa popote. Utatia sahihi, au kidole kwenye wino, na tangu sekunde hiyo wewe si mama wa fulani tena. Una namba. Sabuni ya shukrani itatoka mkobani mwishoni, usiitupie macho mapema.

Kujibu

Swali la kwanza ni rahisi: kaya yenu ina watu wangapi? Hapa ndipo wataalamu wengi wa uchumi wameugulia. Kaya, kwa mujibu wa hojaji, ni watu wanaokula chungu kimoja na kulala boma moja. Kijana wako wa kwanza anafanya kazi Tororo, kwenye saruji, analala Malaba, na Jumapili anakula hapa. Shemeji anakula hapa kila siku ila analala "kule". Mjomba ana laini ya Safaricom na laini ya MTN, na kulingana na maneno ya mtaani ana mke kwa kila mtandao. Jibu: "Tuko sita." Kila mtu akijibu hivyo, mkoa mzima utakuwa na utaratibu mzuri.

Utaulizwa mlikula nyama mara ngapi katika siku 7 zilizopita. Ukikumbuka kwamba kuna miradi inayotafuta maskini, mlikula mara moja, tena matangani. Ukikumbuka kwamba shemeji anasikiliza, mlikula mara nne. Halafu utaulizwa, kwa kipimo cha moja hadi tano, unaridhika kiasi gani na maisha. Sema tatu. Hakuna aliyewahi kusumbuliwa kwa kusema tatu.

Swali gumu ni la mpaka. "Mahindi haya uliyouza wiki jana, yalipita wapi?" Unajua na yeye anajua. Kituo kimoja cha pamoja cha mpakani Busia kilifunguliwa na marais Kenyatta na Museveni mwezi Februari 2018, kizuri, kina taa, kina mistari barabarani. Mahindi yako yalipita nyuma ya nyumba ya jirani, kwa baiskeli, njia ya panya, yakatokea karibu na soko la Sofia kabla chai haijapoa. Mji huu ndio uliovusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, hata usafiri huo ukapata jina la bodaboda, na jina likaenda mbali. Hatuwezi kudai leo hatujui njia.

Jibu lako litategemea kama unaamini kijana huyu si mtu wa ushuru. Ofisi ya Takwimu ya Uganda ilikwisha tuelewa. Inapohesabu biashara isiyo rasmi haitegemei maungamo: huweka watu mpakani, wanakaa, wanatazama, wanaandika. Gunia limepita kwa baiskeli. Mkungu umepita kichwani. Nafikiri ndiyo takwimu pekee katika eneo letu iliyokusanywa na mtu ambaye hakuulizwa mbona haulizi kwanza habari za nyumbani.

Ukiwa katika kundi lisilopata kitu

Siku moja utaona shule ya jirani imeletewa dawa, vitabu au sare, na yenu haikuletewa hata chaki. Usidhani mbunge amekasirika. Mmechaguliwa kwa bahati nasibu kuwa kundi la kulinganisha. Kazi yenu ni kubaki kama mlivyo, na hakuna aliye na uzoefu mkubwa kuliko ninyi.

Chanzo chake ni hiki. Michael Kremer, Mmarekani aliyefundisha sekondari Kakamega alipokuwa kijana miaka ya 1980, alirudi katika muongo uliofuata akamkuta rafiki yake akifanya kazi na ICS, shirika la Uholanzi lililokuwa likisaidia shule za Busia. Shirika lilikuwa na shule nyingi za kusaidia na fedha za chache kwa wakati mmoja. Kremer akashauri: kwa kuwa wengine watasubiri vyovyote vile, anayesubiri achaguliwe bila upendeleo, halafu tulinganishe. Kwetu, kugawa kitu bila upendeleo lilikuwa jambo geni kiasi cha kustahili Tuzo ya Nobel ya uchumi, na kweli mwaka 2019 akaipata pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Kremer na wenzake walianza na vitabu. Kila mtu alijua vitabu husaidia: walimu walijua, wazazi walijua, Benki ya Dunia ilijua. Shule zikapewa vitabu rasmi vya serikali. Alama za wastani hazikusogea. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasa, kwani vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa mtoto wa Kisamia au Kiteso hiyo ni lugha ya tatu baada ya ya nyumbani na Kiswahili. Wakaja na chati kubwa za ukutani za sayansi, hesabu na jiografia. Ukilinganisha tu shule zilizokuwa nazo na zisizokuwa nazo, chati zilionekana kupandisha alama vizuri sana. Walipozigawa kwa kura katika nusu ya shule 178, hazikupandisha kitu. Shule zenye chati zilikuwa na alama nzuri kwa sababu ni aina ya shule zinazoweza kupata chati.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo utafiti wa jamii unapolipa gharama ya kigoda chako. Bibi yako anajua mengi, na mara nyingi profesa huvuka bahari kuja kuthibitisha alichosema bibi mwaka 1974. Lakini kuhusu chati, bibi angekosea, mwalimu mkuu alikosea, na wafadhili wangeendelea kununua chati mpaka kuta ziishe.

Minyoo yako, fahari ya taifa

Kisha wakaja kwenye minyoo. Mwaka 1998 shule 75 za msingi za Budalangi na Funyula, zenye zaidi ya watoto 30,000, ziligawanywa makundi matatu. Usitafute siri: majina ya shule yalipangwa kwa alfabeti, kisha moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Kundi la kwanza lilipata dawa mwaka 1998, la pili 1999, la tatu lilisubiri hadi 2001. Mvua za El Niño zilikuwa zimetoka kufurika, na minyoo ilikuwa na mwaka mzuri.

Edward Miguel na Kremer walichapisha matokeo mwaka 2004. Utoro shuleni ulipungua kwa robo. Hata watoto ambao hawakumeza dawa walipata nafuu, kwa sababu jirani asiye na minyoo hawezi kukuambukiza. Alama za mitihani hazikupanda, na jambo hilo watu wa matangazo hulitaja kwa sauti ya chini. Kidonge chenyewe kilikuwa cha bei ya senti. Kenya ikaanza kuwapa dawa watoto wa shule kitaifa mwaka 2009, na India ikaweka siku ya taifa ya minyoo mwaka 2015. Mtoto wa Delhi anatafuna kidonge kwa sababu ya kinyesi chako cha mwaka 1998, kilichobebwa katika kikopo na kutazamwa kwa darubini. Jiambie hilo siku ukijiona huna mchango.

Mwaka huo huo wa 2015 Waingereza wa chuo cha afya cha London, Aiken na Davey na wenzao, walifungua upya mahesabu, wakakuta makosa, hasa katika kupima umbali ambao nafuu ilisambaa, wakatilia shaka mengine. Wachumi wakajibu. Wataalamu wa tiba wakajibu jibu. Mabishano hayo yakaitwa vita vya minyoo. Budalangi haikupata habari za vita hivyo, ingawa ndiyo iliyotoa minyoo. Jambo la kupendeza ni kwamba waandishi wenyewe ndio waliotoa takwimu zao zikaguliwe. Niambie ni mradi gani wa barabara umewahi kukupa daftari lake ukague.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni hii. Wafadhili walikuwa na imani kwamba kitu cha bure hakithaminiwi: mwananchi achangie kidogo ili auone mradi ni wake. Basi mwaka 2001 baadhi ya shule zilitozwa ada ndogo. Palipokuwa bure, asilimia 75 ya watoto walimeza dawa. Palipokuwa na ada, asilimia 19. Watafiti wengine wakarudia jambo hilo kwa vyandarua katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya: kutoza kama senti 60 za dola kulipunguza wanaochukua kwa pointi 60 za asilimia, na waliopewa bure hawakugeuza neti kuwa nyavu za omena, walilala ndani yake. Miaka mingi ya semina za uchangiaji gharama katika hoteli zenye bwawa la kuogelea iliangushwa na mama aliyesema, "Leo sina, nitakuja kesho," akaandikwa.

Kusema ukweli kuhusu mbolea, pesa na jirani

Ukiulizwa kama utatumia mbolea msimu ujao, sema ndiyo. Wote husema ndiyo. Duflo, Kremer na Jonathan Robinson walitaka kujua ndiyo hiyo huenda wapi, wakagundua kwamba haitokani na ujinga wala ukaidi: pesa ya mavuno huisha kabla mvua haijaanza, kwani karo haisubiri, wala matanga. Walipomfuata mkulima mara tu baada ya kuvuna, wakamwuzia kwa bei ile ile na kumfikishia mbolea nyumbani bila nauli, matumizi yalipanda karibu nusu au zaidi. Hawakuhitaji kumhutubia. Walihitaji kalenda.

Pale Bumala, Robinson na Pascaline Dupas waliwafungulia watu akaunti katika benki ya kijijini. Haikutoa riba, na kutoa pesa kulikuwa na ada, yaani akaunti ya hasara. Wanawake wengi wa sokoni waliitumia, wakawekeza zaidi katika biashara zao. Kwa wanaume wa baiskeli haikuonekana tofauti. Mchumi atakupa jedwali la sababu. Mwanamke wa Bumala atakuambia kwamba pesa iliyo nyumbani ina ndugu wengi.

Na hapa tahadhari: usiseme mengi kuhusu jirani. Mwaka 2004 Miguel alilinganisha Busia na Meatu, Tanzania. Hali zinakaribiana, watu ni mchanganyiko kote kuwili. Katika Busia, penye mchanganyiko mkubwa wa makabila shule zilichangiwa kidogo. Meatu mchanganyiko haukupunguza kitu. Maelezo yake yalikuwa siasa za ujenzi wa taifa: Kiswahili kote, mtaala wa umoja, serikali za vijiji za Nyerere. Msomaji wa Dodoma akisoma hapa atainua kidevu, namwomba akishushe kidogo. Wilaya mbili si bara zima. Lakini msomaji wa Busia asijifanye hakusikia. Tunajua jinsi orodha ya harambee inavyosomwa, na jinsi macho yanavyotafuta jina la ukoo kabla ya kutafuta kiasi.

Kwa walio ng'ambo ya mpaka

Tororo mna bahati ya aina nyingine: mbu. Watafiti waliweka mitego ya taa katika nyumba 100 za Nagongera kila mwezi, na hesabu iliyochapishwa mwaka 2014 ikasema mtu mmoja huumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 310 kwa mwaka. Mwishoni mwa mwaka huo dawa ikaanza kupulizwa majumbani, malaria ikashuka sana, na miaka ya karibuni ikapanda tena. Mwongozo kwa mwenye nyumba: hamisha vyombo, toa kuku, funika unga, na ukiulizwa kama ulipaka udongo ukutani baada ya dawa kupulizwa, angalia pembeni.

Mna pia aina ya mtafiti ambaye sisi wa upande huu tumemkosa, yule asiyeondoka. Susan Reynolds Whyte na mumewe Michael, wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, walikaa Bunyole, eneo ambalo kwa muda lilikuwa ndani ya wilaya ya Tororo, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, na wakaendelea kurudi. Kitabu cha Susan cha mwaka 1997 kinauliza mtu akipatwa na balaa anafanya nini hasa: anajaribu hospitali, anajaribu mganga, anarudi hospitali, wala haoni kigeugeu ndani yake. Baadaye yeye na wenzake waliandika kuhusu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI na jinsi uhai wao ulivyofungwa kwenye mradi fulani, kwa kadi fulani, chini ya mfadhili fulani. Profesa Bethwell Ogot naye aliwaketisha wazee wa Padhola akawauliza walikotoka, na mwaka 1967 historia yao ikaingia kitabuni. Hawakuhitaji kipimo cha moja hadi tano.

Wafadhili wa leo hawana subira hiyo. Wanataka tatizo la dunia, mfano mabadiliko ya tabianchi, na jibu lake ndani ya miezi 18. Mto Nzoia ukivunja kingo Budalangi, kutakuja hojaji ya mafuriko kabla maji hayajaondoka jikoni. Ipokee ukiwa juu ya meza.

Wakirudi

Usidhani umeachiwa. Wanafunzi wapatao 7,500 wa zile shule 75 wamefuatwa mpaka leo: waliohamia Nairobi, waliovuka Kampala, hata walioolewa mbali. Matokeo ya miaka 20, yaliyochapishwa mwaka 2021, yanasema waliopata miaka zaidi ya dawa wana matumizi makubwa zaidi kwa asilimia 14. Sasa wanapimwa watoto wao. Kwa hiyo ukibadilisha laini ya simu mwambie mama mkwe, kwani ndiye watakayemwuliza.

Na watakapokuja, kigoda kikiwa tayari na setilaiti zimepatikana, mwambie kijana wa watu apumzike kidogo, una hojaji yako. Toa daftari. Mwulize: mliyoyapata hapa mara ya mwisho, nani aliambiwa, na kwa lugha gani? Je, karatasi moja ya Kiswahili inaweza kubandikwa pale kwa chifu, ama shuleni, ama kwenye mashine ya kusaga, ambako watu husoma? Siku ya kuchapisha, huyu karani aliyekanyaga kuku ataandikwa wapi? Mkigundua mlikosea, kama sote tulivyokosea kuhusu chati, mtarudi kutuambia, au tutabaki na chati? Msomee haki zake: anaweza kukataa kujibu, anaweza kuacha wakati wowote, jina lake halitatajwa. Atie sahihi. Kisha andika juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa: mhojiwa namba 001. Sabuni ni yake akimaliza.